Wikendi niliyopima kadi mbili

Tarehe 31 Machi 2020 SETI@home, mradi uliotumia kompyuta za watu wa kawaida kutafuta ishara za viumbe wa mbali angani, waliacha kugawa kazi mpya. Mradi wenyewe ulianza Mei 1999 na mimi nilikuwa nao miaka mingi, kwa hiyo siku chache baadaye kadi yangu ya picha (GPU), GTX 1060 ya Nvidia, ilipomaliza kazi zilizobaki na feni zikasimama, chumba kikawa kimya kabisa, nikaumia kweli. Nilikuwa nimezoea kulala na ule mvumo.

Ijumaa jioni nikaona hapana, kadi haiwezi kukaa bure. BOINC, programu inayopokea na kuendesha kazi za miradi ya namna hii, ipo tayari kwenye Linux yangu, miradi mingine ipo, shida ni kuchagua. Nikabaki na miwili, Einstein@Home ambayo GPU zake zilikuwa zinatafuta pulsa, yaani mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi, kwenye data ya miale ya gama kutoka setilaiti ya Fermi, na MilkyWay@home iliyokuwa inachunguza mikondo ya nyota inayoizunguka galaksi yetu. Yote miwili naipenda. Sasa kabatini nilikuwa na Radeon HD 7970, kadi ya AMD ya 2012, rafiki yangu aliniachia alipobadilisha mashine yake, nikampigia kumuuliza ye angeenda na mradi gani. Akaniambia, "Bwana usichague kwa kusikia, pima. Pima na ile yangu."

Kuiamsha hiyo Radeon ndo kulikokula usiku. Kwenye mstari wa kernel, kiini cha Linux, ilibidi niongeze radeon.si_support=0 na amdgpu.si_support=1 ili draiva mpya iishike badala ya ile ya zamani, nikaweka OpenCL ya AMD, inayowezesha programu kupigia hesabu kwenye kadi, nikawasha upya, clinfo, amri ya kuonyesha kadi hizo, ikaiona vizuri tu, ila BOINC ikang'ang'ania kwamba hakuna GPU. Nimehangaika hapo kama saa nzima. Kumbe mimi naiendesha clinfo kwa jina langu ila BOINC inatembea kwa yuza wake yenyewe anaeitwa boinc, na huyo yuza hakuwa kwenye makundi ya video na render, yanayoruhusiwa kuzitumia kadi. Amri moja ya usermod, nikawasha tena huduma, kadi zote mbili zikatokea.

Nikaanza na Einstein kwenye 1060 na majibu yakaniudhi, kazi mbili za aina ileile kabisa zinapishana dakika nyingi. Nikafungua nvidia-smi, inayoonyesha hali ya kadi, ijirudie kila sekunde nikakaa naitazama: matumizi asilimia 95, halafu 40, halafu 70, halafu 38. Kadi ilikuwa inasubiri kitu. Nikafungua top, inayoonyesha nani anatumia prosesa, pembeni na hapo ndo nikaona, kori zote nne za prosesa zimeshikwa na kazi za CPU, wakati programu ya OpenCL kwenye draiva ya Nvidia inataka kori nzima ya kwake, inaishikilia muda wote hata pale inaposubiri tu kadi ijibu. Nikaiambia BOINC itumie asilimia 75 ya prosesa, namba ikapanda na ikatulia palepale. Vipimo vyote vya Ijumaa nikavifuta. Roho iliuma maana usiku ulikuwa umeisha, lakini ukiviacha unapima njaa ya kadi, hupimi kadi.

Jumamosi nikaanza upya kwa utaratibu, kadi moja kwa wakati, kazi kumi kumi za aina moja, naandika muda tu. Pointi ambazo miradi inakupa kwa kila kazi nilizitupa nje kabisa, na mpaka leo nabishana na watu juu ya hili, maana kazi moja ya Einstein ilikuwa inalipa pointi 3,465 na ya MilkyWay kama 227, kila mradi una mizani yake, sasa utalinganishaje kadi kwa hizo?

Kwenye Einstein hizo kadi mbili hazikuachana sana. Kitu kilichonivuta ni asilimia 89.997. Kila kazi ikifika hapo mstari unaganda, unadhani imekufa, kumbe programu imechukua majibu yanayoelekea zaidi kuwa pulsa inayapigia hesabu upya kwa biti 64, yaani kwa usahihi mkubwa kuliko biti 32 za kawaida. Radeon ikifika pale inapita haraka, 1060 inakaa, nahesabu sekunde kwa saa ya simu na bado haijasogea.

Nikaelewa MilkyWay itakuwaje hata kabla sijaianzisha, kwa sababu yenyewe hesabu zake zote za GPU zilikuwa za biti 64. 1060 inazifanya kwa kasi ya 1 ya 32 ukilinganisha na zile za biti 32, HD 7970 ni 1 ya 4. Na ndivyo ilivyokuwa, kadi ya zamani inamaliza kazi kwa kama dakika moja, ile mpya zaidi ya dakika nne. Kadi ya 2012! Halafu kazi zenyewe ni fupi mno, kati ya moja na nyingine Radeon inapumzika, nikaandika app_config.xml, faili la mipangilio ya BOINC, yenye gpu_usage 0.5 ziende mbili mbili, pengo likazibika. Joto nalo halikuwa dogo, kadi ile kwenye karatasi ni wati 250 na 1060 ni 120, ilibidi dirisha likae wazi.

Jumapili jioni nikaziwasha zote mbili kwa pamoja, kwenye cc_config.xml, faili jingine la mipangilio, nikaandika use_all_gpus, na kwa exclude_gpu nikazigawia kazi, Radeon MilkyWay, 1060 Einstein. Nikampigia rafiki yangu kumwambia kadi yake imeshinda na kama anaitaka aje aichukue. Akacheka, akasema, "Iache hapohapo, ifanye kazi."

Ikafanya mpaka 2023, MilkyWay@home walipofunga zile kazi za GPU. Siku nayoichomoa ilikuwa bado ya moto.