Nilivyompigania tabibu wa timu zetu chuoni

Msafara wa mashindano ukipangwa, jina la kwanza kukatwa huwa ni la tabibu. Nimeliona hilo tangu nilipokabidhiwa uratibu wa michezo katika chuo chetu hapa Iringa. Viti vya basi vikipungua, kocha anamtaka kipa wa tatu, serikali ya wanafunzi inataka waziri wake wa michezo awemo, na mtunza vifaa hawezi kuachwa. Anayebaki ni yule dada wa zahanati, na begi lake anapewa mchezaji yeyote wa akiba alibebe. Enzi hizo ndani yake mlikuwa na bandeji, pamba, spirit na panadoli zilizolowa.

Dada huyo amesomea tiba ya viungo KCMC, Moshi. Asubuhi yuko zahanati ya chuo, jioni yuko uwanjani, wikiendi yuko kwenye mechi. Mpira wa miguu, netiboli, kikapu, wavu, riadha, wote ni wake. Wanafunzi wanamwita Dokta, na usiku walikuwa wanamgongea mlango nyumbani: huyu kifundo kimevimba, yule anataka tu kuchuliwa kwa sababu kesho anacheza. Jioni moja tukiwa tunakusanya koni aliniambia, "Kaka, kazi hii naipenda, lakini nimechoka. Nikipata nafasi hospitali yoyote, naondoka."

Maneno yale hayakunitoka kichwani. Nikaanza kusoma wenzetu wanafanyaje. Marekani kazi hii ya utabibu wa timu ni taaluma inayojitegemea. Chama chao, NATA, kilianzishwa mwaka 1950, na siku hizi anayetaka kuingia husoma hadi shahada ya uzamili na kufaulu mtihani wa bodi. Hata hivyo malalamiko yao ni yale yale ya Dokta wetu: saa nyingi, safari za wikiendi, mtu mmoja kubeba timu nyingi. Lakini wana kitu nilichokitamani kuliko vifaa vyao vyote. Kanuni za NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule, zinampa daktari wa timu na mtaalamu huyu neno la mwisho kuhusu mchezaji aliyeumia. Kocha hana ruhusa ya kulitengua.

Kwetu neno la mwisho lilikuwa la kocha. Katika mechi moja ya kirafiki, beki wetu wa kati aliruka kuokoa kona, akagongana vichwa na mshambuliaji wao. Akaanguka, akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akasema yuko fiti. Dokta alipiga magoti mbele yake, akamuuliza matokeo yakoje. Kijana akajibu sawasawa. Muda si mrefu yeye ndiye akauliza, "Dokta, hivi ni ngapi ngapi?" Akajibiwa. Akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama vile hajawahi kuuliza. Dokta akaomba mabadiliko.

Kocha akaja juu. "Huyo mzima, si anasimama mwenyewe! Zimebaki dakika chache, mwache."

"Mwalimu, huyu hachezi," Dokta akasema, na wala hakupaza sauti.

Nilitoka kwenye benchi nikasimama upande wake, nikamwomba kocha afanye mabadiliko, mengine tutayazungumza baadaye. Tulifungwa, na wiki nzima minong'ono ilikuwa kwamba Dokta ametuuzia mechi. Iliniuma sana, maana alichofanya ndicho kinachotakiwa. Mtikisiko wa ubongo hauna damu wala uvimbe wa kuonyesha. Mwongozo wa wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 hauachi nafasi ya mabishano: anayeshukiwa kuupata atolewe, asirudi siku hiyo hiyo, na baadaye arudi kwa hatua, kila hatua angalau saa 24.

Nikaandika dokezo kwa Mshauri wa Wanafunzi. Sikuomba dawa. Niliomba kwamba mchezaji aliyetolewa na tabibu asirudi mpaka tabibu asaini, kwamba kiti chake basini kihesabiwe kabla ya kipa wa tatu, na kwamba saa zake za uwanjani zihesabiwe kuwa saa za kazi, apate siku moja ya wiki isiyoguswa na mtu.

Dokezo lilirudi na swali pembeni: chuo kitanufaika nini? Swali la haki, nikalijibu. Nilimkumbusha mkubwa wangu kijana Ismail Mrisho Khalfan, mchezaji wa timu ya Mbao, aliyeanguka Desemba 2016 kwenye ligi ya vijana, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, na hakuamka tena. Nikamtajia Christian Eriksen, mchezaji wa Denmark, ambaye moyo ulimsimama Copenhagen Juni 2021, akarudishiwa uhai pale pale kwenye nyasi kwa sababu waliojua la kufanya walikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na mashine ya kushtua moyo ilikuwepo. Kisha nikamwekea mfano wa Lagos. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba timu za vijana zilizopasha misuli kwa programu ya FIFA 11+ zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Programu yenyewe ni ya dakika 20 hivi, na vifaa vyake havizidi mpira na koni. Kinachohitajika ni mtu wa kuisimamia kila siku ili wachezaji wasiifanye nusu nusu, na mtu huyo tunaye, ila anataka kuondoka.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kwa kocha. Sikumpelekea karatasi, nilimfuata tukanywa chai. Nilimsikiliza kwanza. Hofu yake ilikuwa moja: timu ikifungwa, anayelaumiwa ni yeye. Nikamwambia, "Mwalimu, siku mchezaji akitolewa kwa saini ya Dokta, nani atakuuliza kwa nini ulimtoa? Na akirudi kwa saini yake akaumia, hutasimama mwenyewe mbele ya mzazi." Alikaa kimya kidogo, akaomba aione fomu ambayo Dokta angeisaini. Yeye ndiye aliyependekeza nakala moja ibaki kwake. Leo mchezaji akimfuata kuomba kurudi mazoezini, swali lake la kwanza ni, "Dokta kasaini?" Naamini bila mazungumzo yale dokezo langu lingebaki karatasi tu.

Mengine yalikuwa mepesi. Barafu tunamwagizia mama mmoja wa Kihesa anayeuza barafu za ubuyu. Siku moja kabla ya mechi anatugandishia za maji matupu, tunazijaza kwenye deli. Wanafunzi kadhaa wamefundishwa huduma ya kwanza na watu wa Msalaba Mwekundu, kwa hiyo Dokta hafungi tena kila bandeji mwenyewe. Mashine ya kushtua moyo hatuna bado. Tulichofanya ni kuigiza tukio: mmoja kalala chini, mmoja anakandamiza kifua, mwingine anapiga simu, mwingine anakimbilia geti. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba geti pekee ambalo gari la wagonjwa linaweza kupita huwa na kufuli, na ufunguo huondoka na mlinzi wa zamu. Sasa siku ya mechi ufunguo unakaa mfukoni mwa meneja wa timu.

Safari ya kwanza ya Dokta akiwa na kiti chake ilikuwa ya Mbeya. Tulitoka alfajiri, na Makambako, kwenye baridi ile, akasimamisha basi na kuwateremsha wote watembee wanyooshe miguu. Walinung'unika, wakateremka. Kwenye daftari lake alikuwa na namba ya bima ya NHIF ya kila mchezaji, dawa zinazomdhuru, na ndugu wa kupigiwa simu. Mchezaji wetu wa netiboli alipoteguka goti, pale hospitali hatukuhangaika kutafuta kadi wala kumpigia mtu chuoni. Binti alipokelewa na kuhudumiwa huku Dokta akimshika mkono.

Hajaondoka. Anapumzika Jumatatu, na simu zake za usiku sasa ni za dharura tu.

Dokezo la pili liko mezani. Naomba mtu mwingine, hata wa mkataba wa msimu, kwa sababu wavulana na wasichana wakicheza viwanja viwili kwa wakati mmoja, Dokta huwafuata wavulana kwa kuwa ndiko watu walikojaa, na wasichana hubaki na wanafunzi wa huduma ya kwanza. Hilo silikubali. Nimejibiwa tusubiri bajeti mpya. Nimeomba kikao na mhasibu, na Dokta atakuja na kitabu chake cha majeruhi aonyeshe mwenyewe wangapi wametoka timu ya netiboli.