Pete Ndani ya Damu

Januari 1998 mvua za El Niño zilikuwa bado zinatutesa, na pale Ngamiani, Tanga, maji yalituama hadi kwenye vibaraza. Nilikuwa na miaka 13. Mdogo wangu wa miaka 3, ambaye leo ana watoto wake, alishinda na homa siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu macho yakageuka, meno yakakazana, mikono ikakunjika. Bibi akatamka neno moja: "Degedege."

Wazee wetu wa pwani waliamini kuna ndege apitaye usiku juu ya nyumba, akamdhuru mtoto. Tiba ilikuwa kumfukiza kwa kinyesi cha tembo, na mwiko mkubwa ulikuwa sindano: mwenye degedege akichomwa, anakufa. Bibi hakuyasikia haya mitaani. Mwanawe wa kwanza alikata roho mikononi mwake, muda mfupi baada ya kuchomwa.

Alikwisha kuwasha makaa. Mama akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akasema, "Mama, niwie radhi," akaingia kwenye maji. Nami nyuma yake. Bibi akatufuata, baibui likiburura matope, akilia njia nzima.

Kufikia adhuhuri mtoto alikuwa ametulia, dripu ya kwinini mkononi. Bibi hakuondoa macho kwenye ile sindano. Mtu wa maabara, aliyemtoboa mtoto kidole asubuhi, akapita wodini akamwona Bibi.

"Shikamoo mama. Njoo nikuonyeshe kinachomsumbua mjukuu wako."

"Marahaba baba."

Nikatangulizwa mimi. Akadondosha tone la mafuta kwenye kioo kilichopakwa damu ya mtoto, akashusha lenzi ya hadubini, akaniambia nitazame. Seli nyekundu zilitapakaa kama vitumbua kwenye sinia, zimebonyea katikati, hazina kiini. Halafu nikaiona: ndani ya seli moja, kipete chembamba cha samawati chenye kidoa chekundu, kama pete yenye kito. Pembeni, seli nyingine ina pete mbili. Nilishika pumzi. Baadaye sana nilisoma kwamba daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, ndiye aliyegundua vimelea vya malaria mwaka 1880 huko Aljeria, bila hata rangi ya kuvipaka. Nikatamani kujua naye alijisikiaje.

Yule bwana alieleza taratibu, akimtazama Bibi. Kimelea huingia na mate ya mbu. Kikishafika ndani ya seli hula himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu wake, hujigawa, na baada ya saa 48 hivi seli hupasuka, watoke wengine zaidi ya kumi, kila mmoja akitafuta seli yake. Na seli iliyovamiwa huota vinundu juu ya utando, ikanata kwenye kuta za mishipa midogo, hata ya ubongo. Damu ikizuiwa pale, mtoto anakakamaa.

Bibi akainama, akatazama kwa muda. "Naiona," akasema. Kisha, bila kuinua kichwa: "Mbona wangu sindano ilimuua?"

"Mlimpeleka siku ya ngapi ya homa, mama?"

"Ya tano. Tulimfukiza kwanza."

Yule bwana hakujibu. Alimsogezea kiti, na Bibi akarudisha jicho lake kwenye hadubini.