Sanduku la kilomita ishirini

Jumamosi usiku, Lubumbashi. Umeme umerudi saa tatu, bukari limeshapoa, naandika kabla usingizi haujanishika.

Leo tumelichomoa lile sanduku la laini ya mtandao iendayo Likasi.

Mwaka wangu wa kwanza kazini laini hiyo ilinikesha siku tatu. Kilomita 120 za faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha data kwa nuru, gigabiti 10 kwa sekunde, na makosa yanamiminika. Nguvu ya nuru nikaipima, inatosha. Nikasafisha viunganishi, nikakata na kuchomelea upya maungio mawili ambayo, maskini, hayakuwa na kosa lolote. Papa injenia alikaa ananitazama tu. Mwishowe akasema, "Mwanangu, malori ya shaba yanatoka peaji, pale pa ushuru wa barabara, pamoja. Mbele ya safari yenye nguvu yametangulia, mabovu yameingiliana na msafara wa nyuma. Hakuna lori lililopotea. Ila nani atajua msafara mmoja unaishia wapi?"

Akachukua kalamu. Malori ni mawimbi ya nuru, mafupi yanakwenda mbio kuliko marefu; kila msafara ni biti moja, alama moja ya data. Kwenye uzi wa kawaida, nuru ya wimbi la nanomita 1550 hutawanyika kama pikosekunde 17 (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde) kwa kila nanomita ya upana wake, yaani tofauti kati ya wimbi lake refu na fupi, kwa kila kilomita. Mara 120 ni 2040. Ishara yetu ilikuwa na upana wa karibu sehemu ya kumi ya nanomita: basi pikosekunde 200 hivi. Biti moja ilikuwa na nafasi ya 100 tu. Nilinyamaza. Siku tatu nzima natafuta jeraha kwenye uzi usio na jeraha!

Dawa ilikuwa sanduku: kama kilomita 20 za uzi wa aina nyingine, umeviringwa, unaofanya kinyume. Mawimbi mafupi yaliyotangulia unayachelewesha, marefu yanayafikia. Nililipenda mno. Nuru inatembea kilomita 20 bila kutoka chumbani.

Mitambo mipya ya gigabiti 100 hailihitaji. Kipokezi kina leza yake, kinailinganisha na nuru inayoingia, kinapata nguvu ya wimbi na fezi yake, yaani limefika wapi katika kupanda na kushuka kwake, kisha chipu inakunjua mtawanyiko wote kwa hesabu. Hilo nililitegemea. Lililonishangaza ni kwamba laini inakwenda vizuri zaidi bila sanduku. Nuru kali hukibadilisha kidogo kioo inamopita, chaneli, yaani nuru za mawimbi tofauti zinazopita uzi mmoja, zikavurugana, na vurugu hiyo haifutiki kirahisi kwa hesabu. Mapigo yaliyotawanyika njiani huvurugana kidogo kuliko yaliyobanwa. Na uzi wa sandukuni, kwa wembamba wa kiini chake, ulikuwa unazidisha ugonjwa huo.

Yaani mtawanyiko, adui niliyempiga vita miaka yote alikuwa pia ananilinda. Sijui kama Papa injenia alilijua hilo. Alishastaafu, nitampigia kesho baada ya misa.

Sanduku nililibeba mwenyewe hadi stoo. Kijana wetu mpya akauliza kama lina betri ndani.