Wamecheka nini?

Alhamisi, saa nne usiku

Watoto wamelala. Mezani nimebaki na kishikwambi kinachochajiwa, na penseli mbili zilizotafunwa hadi rangi imetoka.

Leo ilikuwa zamu yetu ya nyumbani. Darasa la mwanangu limegawanywa mara mbili. Kundi lake linaingia shuleni Jumatatu na Jumanne, kundi la pili Alhamisi na Ijumaa, na anayebaki nyumbani hufuatilia kipindi hichohicho kupitia kamera. Waraka wa shule unauita mfumo mseto. Mimi nauona ni mguu ndani, mguu nje.

Asubuhi kamera ilikuwa imewekwa nyuma ya darasa, tukawa tunaona visogo vya wenzake na ubao uliofifia kwa mwanga wa dirisha. Katikati ya somo darasa zima likaangua kicheko. Mwanangu naye akacheka, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo, kisha akanigeukia: "Mama, wamecheka nini?" Sikujua. Nikamwambia labda kuna aliyedondosha kitu. Hakusema neno. Alipoitwa kujibu swali baada ya muda, alikuwa amezama kuchora samaki pembeni mwa daftari.

Wazazi tukikutana, wa kwanza kutajwa ni macho. Sidharau, ila hapo angalau pana la kufanya: kila dakika 20 kengele ya simu yangu inalia, naye anaangalia kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20. Siku nyingine tunasahau. Kinachoninyima usingizi ni mkono.

Ana miaka saba na penseli anaishika kwa ngumi. Herufi "a" anaianzia chini, anaizungusha kinyumenyume, halafu anaibandika mkia. Akiinua daftari mbele ya kamera, mwalimu anaona "a" safi kabisa na kumsifu. Ilivyozaliwa hiyo "a" nimeiona mimi peke yangu, na mimi si mwalimu. Nikijaribu kumrekebisha anang'aka: "Mwalimu hakusema hivyo!" Ni kweli, hakusema. Angekuwa anapita katikati ya madawati angeinama tu na kumpanga vidole, bila kusema chochote. Kamera humwonyesha paji la uso na sikio moja.

Ijumaa iliyopita kwenye imla aliandika "simbo". Nusura nimgombeze. Nikalirudia neno mwenyewe, nimemtazama, meno ya juu yamegusa mdomo wa chini: fimbo. Akaandika sawasawa. Kumbe sauti za "f" na "s" hutofautiana zaidi kwenye mawimbi ya juu, yale ya sauti nyembamba, na hayo ndiyo yanayopotea mtandao ukilegea au spika ikiwa duni. Ni mangapi mengine ameyasikia hivyo?

Mwaka 2020 shule zilipofungwa karibu dunia nzima tulivumilia, hapakuwa na jinsi. Lakini kuna utafiti wa Uholanzi, uliochapishwa 2021, ambao siachi kuufikiria. Nchi ile ina intaneti ya uhakika, na shule zilifungwa wiki 8 tu. Hata hivyo wanafunzi wa shule za msingi walipiga hatua ndogo sana au hawakupiga kabisa wakisomea nyumbani, na waliotoka kwenye nyumba ambazo wazazi hawakusoma sana walirudi nyuma zaidi. Maana yake mwalimu msaidizi ni mzazi, na wazazi hatulingani. Jirani yangu hutoka alfajiri na simu ya nyumbani ni hiyohiyo anayoondoka nayo. Juzi ndiyo kwanza aliniuliza kazi za watoto zinawekwa wapi. Wiki ya pili hiyo, mwanawe anaandikwa mtoro.

Na niungame: nimewahi kunong'ona majibu. "Tisa," nilisema nyuma ya kishikwambi, mtoto akasema tisa, mwalimu akampigia makofi. Sasa zile alama ni za nani? Wala simlaumu mwalimu. Ana shingo moja, nusu ya darasa iko mbele yake, nusu imo kwenye vidirisha, na katikati ya kufundisha anasihi watu wazime maiki.

Usiku huu nimemwandikia ujumbe kuhusu ile ngumi na penseli. Nikaongeza, kwa aibu kidogo, kumuuliza darasa lilicheka nini. Sikutarajia angekuwa macho, lakini amejibu:

"Asante sana mama. Jumatatu nitakaa naye. Kuhusu kicheko, nilikuwa nahangaika kutafuta miwani, kumbe iko kichwani."

Nimecheka peke yangu hapa mezani. Asubuhi nitamwambia.