Eti kwetu hakuna maombi

Mwanangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu nilipoanza kumtafutia nafasi kwenye kituo cha umma cha kulelea watoto mchana. Ana mtindio wa ubongo, hukalia kiti maalumu chenye mikanda. Kituo cha kwanza waliniambia hawana mtu wa kumhudumia. Cha pili walikuwa tayari kumpokea, ila kilikuwa mbali mno. Ningekuwa nachelewa kazini kila siku. Na ada ya vituo vya watu binafsi ingemeza zaidi ya nusu ya mshahara wangu.

Nikaenda kwenye ofisi inayosimamia vituo kuuliza kwa nini upande wetu hakuna hata kimoja. Ofisa akapekua daftari, akanijibu kwa upole tu: "Mama, huko kwenu hakuna maombi ya nafasi."

Nilitoka na hasira. Njiani ndipo nikaielewa hesabu yao. Maombi huandikishwa kituoni. Pasipo kituo, nani atajaza fomu? Hivyo fedha huenda kule kwenye vituo na foleni zake, sisi tukaonekana hatuna watoto.

Basi tukawahesabu wenyewe. Mimi na majirani watatu tulipita nyumba kwa nyumba jioni, wiki tatu, tukiandika umri wa mtoto, saa ambazo mzazi anatoka na kurudi, na anayebaki naye. Hili la mwisho liliniumiza: nyumba kadhaa mlezi alikuwa dada mtu wa miaka tisa. Tulipouliza kama kuna mtoto mwenye ulemavu, wote walisema hapana. Tukarudi na swali jingine: "Kuna jambo lolote ambalo mlezi angepaswa kulijua kuhusu mtoto huyu?" Wakajitokeza saba.

Hesabu hiyo tukaipanga kwenye jedwali, nikaipeleka kwenye ofisi ile pamoja na barua. Kwenye barua nilitaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989: ibara ya 18 inayowapa watoto wa wazazi wanaofanya kazi haki ya kunufaika na huduma za malezi, na ya 23 inayosema msaada kwa mtoto mwenye ulemavu uwe bila malipo kila inapowezekana. Sidhani kama ibara ndizo zilizowagusa. Jedwali letu ndilo walilolirudia kila kikao. Nilidai pia nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa, maana majibu ya mdomo huwa hayaachi alama.

Ilichukua miezi kumi na moja. Tulipewa chumba kilichokuwa hakitumiki katika shule ya msingi, na ada inapangwa kwa kipato cha mzazi. Kabla mwanangu hajaanza, mlezi alikuja nyumbani siku mbili kujifunza namna ya kumbeba na kumlisha bila kupaliwa. Siku mbili tu, na lile la "hatuna mtu wa kumhudumia" likaisha.

Kituo kinafungwa saa tisa alasiri, na wanaofanya kazi zamu za jioni bado wanahangaika. Wiki iliyopita tumeanza kuzunguka tena na daftari.