Plazma yangu iliwaka nilipoacha kusogeza elektrodi karibu

Kwa wiki tatu chemba yangu ya ombwe ilibaki giza, bila plazma, yaani gesi inayong'aa kwa kupitishwa umeme, na kila niliyemuuliza alinijibu kwa uhakika kwamba elektrodi, yaani gridi ya katikati na ukuta wa chemba ambavyo umeme hupita kati yake, zimeachana mno, nizisogeze karibu. Kifaa chenyewe ni cha aina iliyobuniwa na Philo Farnsworth na kuendelezwa na Robert Hirsch katika miaka ya 1960: gridi, yaani kitunga cha waya chenye umeme hasi, hukaa katikati na kuvuta ioni, yaani chembe za gesi zenye umeme chanya, kutoka pande zote, na gesi ikiwa deuteri (hidrojeni nzito) na volti zikiwa makumi ya maelfu, baadhi ya viini vya atomi huungana. Mimi nilianza na hewa tu.

Nilitii ushauri. Nikasuka gridi kubwa iliyobakiza sentimita 2 kufika ukutani, nikapandisha umeme hadi volti 5,000, na hakuna kilichowaka. Ushauri ule, ambao hadi leo unaniudhi, hupotosha pale gesi inapokuwa haba, shinikizo lake likiwa kiasi cha paskali 1. Elektroni hupaswa kugonga molekuli njiani na kung'oa elektroni nyingine. Njia ikiwa fupi, hufika ukutani bila kugonga kitu. Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba kinachoamua ni shinikizo likizidishwa kwa umbali, na kwa hewa volti zinazohitajika hushuka hadi karibu 330 pale jibu la kuzidisha huko linapokuwa kama paskali-mita 0.75. Mimi nilikuwa kwenye 0.02.

Nikageuza kazi. Gridi mpya ilikuwa na kipenyo cha sentimita 3, ukuta ukawa umbali wa sentimita 8, nami nikafungua vali ya sindano taratibu hadi paskali 6. Kabla ya volti 1,000 chemba yote ilijaa mwanga wa zambarau! Nilipopunguza gesi huku nikiongeza volti, mwanga ulijikusanya katikati, na miale myembamba ikachomoza katika kila tundu la gridi.

Waya wa kwanza, wa chuma kisichoshika kutu, uliiva mwekundu ukalegea, kwa hiyo tumieni tangisteni, ambayo huyeyuka kwa nyuzi 3,422 za Selsiasi. Ncha zake nilizipiga tupa zikawa duara, kwa kuwa ncha kali hurusha cheche. Shina la gridi nalo lilikuwa likiwaka na kula mkondo, hadi nilipolivisha mrija wa kauri. Sijavuka volti 8,000, wala sitavuka kabla ya kuweka kinga ya madini ya risasi, kwani kadiri volti zinavyopanda ndivyo eksirei zinavyopata nguvu ya kupenya kioo cha dirisha ninaloangalizia.