Fungu la Kumi la Mama Ntilie

Kila bahasha za ahadi zinapogawiwa kanisani, kuna watu wanaozipokea na kukaa nazo mkononi wasijue waandike nini. Mwalimu ana hati ya mshahara. Mama ntilie, bodaboda na muuza mitumba wana mkoba wa kiunoni, leo umejaa, kesho mtupu, na humo humo mna hela ya mchele wa asubuhi. Wahesabu kipi?

Chukua kibanda cha wali maharage kinachouza shilingi 120,000 kwa siku. Mchele, maharage, nyama, mafuta na mkaa vimekula 78,000. Msaidizi kalipwa 10,000. Maji na ushuru 2,000. Kilichobaki ni 30,000, na fungu la kumi hapo ni 3,000. Wapo wanaotoa 12,000, kwa moyo safi kabisa, kwa sababu wameiona 120,000 ikipita mikononi mwao. Hilo si fungu la kumi tena, ni asilimia 40 ya walichopata. Kwa siku 26 za kazi tofauti inafika 234,000, na watoto wakishakula na kodi ikishalipwa, fedha hiyo inatoka kwenye mtaji. Mwezi wa tatu sufuria inapungua ukubwa. Mwezi wa nne majirani wanasema karogwa, na mhubiri anasema hakutoa kwa imani. Kumbe ni hesabu tu.

Kumbukumbu la Torati 14:22 inataja maongeo ya mbegu, yaani kilichoongezeka. Mtaji wa mchele ni mbegu. Ukiutoa sadaka, kesho huna cha kupanda wala cha kutoa.

Kwa hiyo mpango ufanyike jioni ile ile, kabla ya kulala, kwa mpangilio huu: kwanza rudisha hela ya bidhaa za kesho kwenye kopo lake. Pili, katika faida toa ile 3,000 uitie kwenye kibubu. Tatu, 1,000 nyingine iende kwenye kopo la jirani, nitalieleza chini. Kinachobaki ndicho cha nyumbani. Siku isiyo na faida, usitie kitu, na usijidai deni. Paulo aliwaelekeza Wakorintho karibu hivi hivi (1 Wakorintho 16:2): kila siku ya kwanza ya juma, kila mtu aweke akiba nyumbani kwa kadiri alivyofanikiwa, ili michango isianze kukimbizwa yeye akishafika. Hakuwatajia kiwango. Aliwapa siku na kipimo.

Hapo ndipo mtu huuliza, na imani iko wapi? Imani iko kwenye 3,000 yenyewe. Kuitoa kabla hujajua kesho itakuwaje ni kazi nzito kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Jangwani mana ilipimwa: pishi moja kwa kila kichwa, siku ya sita pishi mbili, na iliyofichwa hadi asubuhi bila kuagizwa iliota mabuu. Mungu aliyelisha watu kwa kipimo hachukizwi na daftari.

Mjane wa Sarepta, aliyempikia nabii Eliya mkate wa unga wake wa mwisho, amebebeshwa mengi. Anatajwa kila mwenye nyumba ya udongo anapoombwa atoe cha mwisho, lakini soma 1 Wafalme 17 hadi mwisho. Eliya hakuchukua mkate akaondoka na gari. Alikaa nyumba ile ile, akala unga ule ule siku nyingi pamoja na mjane na mwanawe, naye mwenyewe alikuwa ametoka kwenye kijito kilichokauka. Anayetaka unga wa mwisho wa maskini akubali kwanza kulala chini ya dari moja naye. Na yule mjane mwingine, aliyetoa senti mbili alizokuwa nazo, anatokea Marko 12:42, aya mbili tu baada ya Yesu kuwakemea wanaokula nyumba za wajane. Wahubiri wengi huanzia aya ya 41.

Kosa baya kuliko yote ni ahadi ya kukopa. Mtu anasimama mbele ya watu, anatamka 500,000 ya jengo, kisha anakwenda kwenye mikopo ya kausha damu. Paulo alishalifunga jambo hilo katika 2 Wakorintho 8:12: nia ikiwepo, sadaka inakubaliwa kwa alicho nacho mtu, si kwa asicho nacho. Ada ya shule iliyokwisha kutengwa nayo si yako ya kuahidi. Soma habari ya Korbani, yaani mali iliyotajwa kuwa ya Mungu, katika Marko 7, uone Yesu alivyowajibu waliompa Mungu chakula cha wazazi wao. Ahadi nzuri hugawanywa: ukiweza 2,000 kwa wiki, andika 104,000 kwa mwaka, si 500,000 ya makofi.

Mnada wa baada ya ibada una ugonjwa wa aina hiyo hiyo. Kuku wa 15,000 anafika 60,000 kwa mdomo, na mhazini anabaki na orodha ya madeni hadi Pasaka. Dawa ni moja: taslimu mkononi, au kuku harudi nyumbani na wewe.

Sadaka ya mavuno ina shida yake. Mahindi yanaletwa mabichi, yanarundikwa ofisini sakafuni, na baada ya wiki chache yana joto na ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kusaga wala kwa kupika, na ugali huo ndio anaopewa yatima. Kabla ya kupokea gunia, tia punje kwenye chupa kavu hadi robo, ongeza chumvi kavu kidogo, funga, tikisa dakika tatu, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha juani, juu ya turubai, si ardhini. Isipoganda pia ongeza siku moja ya jua ushuke karibu na 13, kisha weka kwenye mifuko ya kuzuia hewa yenye matabaka matatu, funga kila tabaka peke yake, panga juu ya mbao mbali na ukuta. Ukifanya hivyo unaweza kungoja bei ipande badala ya kuuza msimu kila mtu anauza.

Fedha za kikapu zihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, jumla iandikwe na kusainiwa kabla ya mtu kutoka chumbani, ipelekwe benki Jumatatu. Paulo alisafirisha mchango akiwa na wenzake ili asilaumiwe, na hakuna aliyesema hana imani.

Na kopo la jirani. Kila mwaka wa tatu fungu la kumi la Israeli liliwekwa malangoni mwa mji, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wapate kula (Kumbukumbu 14:28-29), kwa hiyo kopo hili la pili si hiari ya wenye nazo. Jirani akikwama, uliza kwanza kilichokwama nini. Kama ni dawa, lipa dukani. Kama ni ada, lipa kwenye akaunti ya shule. Ukituma kwa simu, weka na ya kutolea. 10,000 ikifika halafu ada ya kutolea ikakatwa, utakuwa umempelekea mgonjwa hela isiyotimia bei ya dawa, na atalazimika kukupigia tena kuomba, jambo ambalo wengi hawalifanyi.